Muulize mwenyewe unavyopaswa kumwita

Dada, umeuliza umwiteje mtoto wa wifi yako wa El Paso, mji wa Texas mpakani na Mexico, anayejiita Latinx, hataki tena Latina (mwanamke mwenye asili ya Amerika ya Kilatini), na bibi yake kanuna.

Kwa Kihispania -o ni mwanamume, -a ni mwanamke. Hiyo x inakwepa yote mawili. Sisi tuna “yeye” isiyobagua, ndiyo maana hatuoni uzito wake. Bibi naye msimlaumu: utafiti wa Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, wa 2019 ulikuta 3% tu ya Walatino wa Marekani wanalitumia neno Latinx. Wapo wanaopenda “Latine”, angalau linatamkika.

Nimeishi mji huo miaka sita. Alfajiri darajani utaona wanafunzi kutoka Juárez, mji wa Mexico ng'ambo ya mpaka, begi mgongoni, pasipoti mkononi. Kijana wa mpakani hivyo, upande wa Marekani anaambiwa si Mmarekani, upande wa Mexico anachekwa Kihispania chake kibovu, na akifika nyumbani mjomba anamkemea akae kama msichana. Mtu wa hivyo akijichagulia neno, mwachieni jamani!

Mpigie simu: “Mwanangu, unapenda nikuiteje?” Bibi naye aache “mija”, yaani binti yangu, aseme “mi amor”, yaani kipenzi changu. Hilo huitwa yeyote, wa kike au wa kiume, na nadhani ameshalizoea.