Maswali ya wasomaji: Siku nzima kwa miguu, Isimila mpaka Kalenga

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu bonde la Ruaha Mdogo kule Iringa, penye korongo la Isimila lenye zana za mawe za watu wa kale na nguzo za udongo, na meseji zimekuja nyingi. Nimechagua tano, zilizobaki nyingi zinauliza kitu kile kile.

SWALI: Shikamoo anti. Sisi ni marafiki sita tuko Dodoma, tunataka twende Iringa wikiendi tutembee kwa miguu siku nzima. Tumeambiwa twende Isimila ila mwenzetu mmoja alishapita pale anasema nusu saa umemaliza, ni mawe tu basi. Je kweli inatosha siku? Na tuanzie wapi? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Marahaba. Mwenzenu amesema alichokiona, maana wengi wanapita pale wakiwa na safari nyingine, gari linatoka hifadhi ya Ruaha au linaenda Mbeya, linakata kona, watu wanashuka wanapiga picha kwenye nguzo mbili tatu wanapanda wanaondoka. Hapo lazima uone mawe tu. Nyie nendeni mkiwa na siku nzima mkononi na mtembee chini, ndani ya korongo, siyo kuchungulia ukiwa juu ukingoni halafu unasema umefika.

Isimila iko kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini ukifuata barabara ya Mbeya, unaona kibao unaacha lami unaingia njia ya vumbi kidogo tu. Kama hamna gari, panda gari lolote linaloelekea Ifunda au Mafinga mwambie konda akushushe njia panda, kutoka pale ni kutembea au boda. Lalani mjini Ijumaa, Jumamosi alfajiri muwe mmeshaamka, mfike pale asubuhi jua likiwa bado chini. Hii ya jua siyo urembo, ni kwamba mwanga wa pembeni ndio unaoonyesha matabaka ya udongo kwenye nguzo na ndio unaoonyesha makovu ya kuchongwa kwenye mawe, saa sita jua la utosini kila kitu kinakuwa rangi moja.

Mkifika mnalipa, mnachukua mwongoza wageni wa pale pale, tena msibishane naye sana bei maana bila yeye mtapita juu ya vitu bila kujua mmevipita. Anzeni na makumbusho yao, ni madogo ila yanasaidia kichwa kukaa sawa kabla hamjashuka.

Halafu sehemu ya zana. Hapo naomba mchelewe. Zana zimelala chini pale pale zilipofukuliwa, zingine zimejengewa kibanda. Chuchumaa uangalie moja tu vizuri, ile shoka ya mkono: upande mmoja mpana unaokaa kwenye kiganja, upande mwingine umechongoka, na kuzunguka pembeni yote unaona vibonde vidogo vidogo, kila kibonde ni pigo moja la jiwe lingine, upande huu pigo, upande wa pili pigo, mpaka makali yakawa yamenyooka. Mtu alikuwa anajua anachotaka kabla hajaanza kupiga. Kuna zenye ukingo mpana wa kukatia, kuna za kukwangulia, kuna mawe ya mviringo, na kuna mengine makubwa hadi unajiuliza yalishikwaje. Mawe yenyewe ni graniti, kwatzi, na jiwe gumu moja linaitwa mailonaiti, hawakuwa wanaokota tu chochote, walikuwa wanachagua.

Mkimaliza hapo ndio muende kwenye nguzo, ni mwendo mfupi. Zamani sana hili lilikuwa bonde la majimaji, mabwawa na kijiziwa chenye kina kifupi, mchanga na udongo ukawa unaletwa na maji unatulia tabaka juu ya tabaka. Baadaye maji yakakauka, kijito kinachoelekea Ruaha Mdogo kikaanza kukata kwenda chini, mvua na upepo vikamalizia. Pale ambapo juu kulikuwa na tabaka gumu, tabaka hilo likawa mwavuli, udongo wa chini yake ukabaki umesimama, wa pembeni ukaondoka. Ndio nguzo hizo. Na ni kijito hicho hicho kilichozifunua zile zana, bila mmomonyoko tusingejua chochote. Tembeeni katikati ya nguzo polepole, msizipande na msiandike majina, ni udongo ulioshikana siyo zege, ukikwangua kwa ufunguo dakika mbili hicho kidonda hakiponi.

Mchana kuleni mlichobeba, kisha gari mpaka Kalenga, msijaribu kuunga kwa miguu kwa kufuata ramani ya simu maana mtajikuta kwenye mashamba ya watu. Kalenga iko kama kilomita 15 kutoka mjini, njia inayokwenda hifadhi ya Ruaha, na pale mto wenyewe Ruaha Mdogo unauona. Ilikuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Baada ya Wahehe kukipiga kikosi cha Wajerumani cha kamanda Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na yeye mwenyewe akafa, Wajerumani walirudi wamejipanga, wakaichukua Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894 kwa mizinga. Ingieni makumbusho, halafu mwombeni mtu wa pale awatembeze kijijini mpaka palipokuwa na ukuta, na muangalie ng'ambo kwenye kilima cha Tosamaganga, wenyeji wanasimulia mizinga ilipigwa kutokea huko. Ukisimama pale chini ukaangalia juu unaelewa vita vile kuliko kusoma kurasa kumi.

Hapo ni jioni tayari. Mwambieni mwenzenu arudi nanyi.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia, nataka kuwapeleka kidato cha pili. Shida yangu ni miaka, kuna kitabu kinasema Isimila ina miaka 60,000, kingine laki tatu, wanafunzi wataniuliza nitawajibu nini? Na waliotengeneza zile zana ni binadamu kama sisi? (Mwalimu, Njombe)

JIBU: Mwalimu asante sana kwa kuwapeleka, na swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Wapeleke hilo hilo swali darasani kabla ya safari.

Hadithi inaanza 1951, mwanafunzi kutoka Afrika Kusini alikuwa anasafiri kutoka Nairobi kwenda Johannesburg, akapita hapo akaona mawe yaliyochongwa akaokota akaenda nayo. Uchimbaji mkubwa ukaja 1957 na 1958 chini ya Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago. Kipindi hicho kipimo kilichokuwa kinategemewa sana ni kile cha kaboni, na kaboni inaishia kwenye makumi ya maelfu ya miaka, ikizidi hapo haikwambii kitu. Ndio maana makadirio ya zamani ni madogo, na vitabu vikawa vinanakiliana. Mwaka 1972 Howell na wenzake wakachapisha kipimo kingine cha urani, walichukua mifupa ya hapo hapo Isimila, jibu likaja kama miaka 260,000. Kipimo chenyewe kina nafasi ya kukosea kubwa kidogo, kwa hiyo laki tatu unayoiona sehemu nyingine siyo uongo wa ajabu. Waambie wanafunzi ni zaidi ya robo milioni, wataelewa, na waambie pia kwa nini namba ilibadilika maana hapo ndipo wanajifunza sayansi inavyofanya kazi.

Kuhusu waliochonga, mifupa ya watu haijapatikana Isimila. Ya wanyama ipo, akiwemo kiboko wa aina iliyokwisha kabisa duniani, macho yake yalikuwa yametokeza juu ya kichwa kuliko viboko wa leo ili aone akiwa ndani ya maji. Huyo kiboko peke yake anawathibitishia wanafunzi kwamba hapo wanapokanyaga vumbi palikuwa na maji. Zana zenyewe ni za mtindo unaoitwa Asheuli, ule ule unaoonekana Olduvai, Olorgesailie kule Kenya, na maporomoko ya Kalambo mpakani na Zambia. Usiwaambie ni nyani na usiwaambie ni sisi. Waambie ni watu waliokuwa na akili ya kupanga kazi, na zana ziko mbele yao zinaonyesha.

Kitu kimoja tu, darasa zima lisishuke kwa mkupuo. Wagawe makundi madogo, vinginevyo wa mbele wanasikia wa nyuma wanasukumana.

SWALI: Anti naomba unisaidie kimya kimya. Mwaka jana tulienda Isimila na mchumba wangu, yeye akaokota jiwe moja lililochongwa akaweka kwenye begi, sasa hivi liko sebuleni kwenye kabati la TV. Mimi roho inanisuta kila nikiliangalia. Yeye anasema yapo maelfu, moja halipungui. Nifanyeje? (D., Morogoro)

JIBU: Mdogo wangu roho yako iko sahihi. Kwanza ni kosa, kuna Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, vitu hivyo siyo vya aliyeviona. Lakini acha sheria tumwelezee mchumba kwa njia nyingine.

Jiwe likiwa sebuleni kwako ni jiwe. Likiwa pale lilipolala lina habari: limelala tabaka gani, juu ya mchanga gani, pembeni yake kuna vipande vilivyodondoka wakati linachongwa au hakuna. Vipande vikiwepo unajua mtu alikaa hapo hapo akachonga, visipokuwepo labda lilisukumwa na maji kutoka sehemu nyingine. Ukiliinua hayo yote yamekatika na hakuna mtaalamu wa kuyaunga tena. Na hesabu yake ya maelfu kila mgeni akiipiga hivyo hivyo bonde litabaki na nguzo tu.

Sasa la kufanya, lirudishe, ila usiende kulitupa korongoni usiku ukajiona umetubu. Hapo utaharibu zaidi, maana kesho atakuja mtu wa utafiti alikute sehemu ambayo siyo yake. Nenda ofisini pale kwenye kituo, uwape mkononi, uwaonyeshe kadiri unavyokumbuka mliliokota wapi, kama mna picha za siku ile kwenye simu nenda nazo maana nyuma yenu huenda panaonekana. Nendeni wote wawili kama atakubali, asipokubali nenda mwenyewe.

SWALI: Fuvu lililoko Kalenga ni la Mkwawa kweli? Babu yangu alikuwa anasema ni lake, vijana wa mtandaoni wanasema tulidanganywa. (Msomaji, Mufindi)

JIBU: Ngoja tuanze na yasiyobishaniwa. Mkwawa alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe, kichwa kikakatwa kikachukuliwa. Mwili ulizikwa Mlambalasi, huko ni mbali zaidi kwenye njia ya hifadhini. Baada ya vita ya kwanza ya dunia suala likaingia mpaka kwenye mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ilirudishe fuvu ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka zaidi ya thelathini. Gavana Edward Twining ndiye aliyelifuata mpaka makumbusho ya Bremen kule Ujerumani, akalikabidhi Kalenga tarehe 19 Juni 1954 kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Ubishi uko kwenye namna lilivyochaguliwa. Bremen yalikuwepo mafuvu mengi, ikabidi wachuje yaliyotoka Afrika Mashariki, wakalinganisha vipimo vya kichwa na vya ndugu zake waliokuwa hai, na fuvu lililochaguliwa lilikuwa na alama ya risasi. Kwa vipimo vya leo huo ni ushahidi mwepesi, na wanahistoria wanaouliza hawana nia mbaya. Ila mimi nasema hivi, babu yako alikuwa anazungumzia siku ambayo Wahehe walipokea kiongozi wao kwa heshima baada ya kunyimwa miaka 56, hiyo hakuna mtu wa mtandaoni wa kumnyang'anya. Ukiingia pale vua kofia, ongea taratibu. Na mafuvu mengine yaliyobaki kwenye makabati ya Ulaya nayo yana wenyewe, hilo mimi linaniuma zaidi kuliko ubishi wa hili moja.

SWALI: Tunakuja mwezi wa tatu na mama mkwe, ana miaka 64 na goti linamsumbua, ila yeye ndiye anayetaka sana kuona. Atawezana na korongo? Tubebe nini? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Mwezi wa tatu Iringa bado ni mvua, njia inateleza na korongo ni njia ya maji, mvua ikinyesha mnatakiwa mtoke huko chini na siyo kusubiri ipite. Mngeweza kusogeza mpaka kuanzia Juni ingekuwa vizuri zaidi, ni pakavu, ila asubuhi ni baridi kweli kweli mama abebe sweta zito na mtandio.

Goti: shida yake ni kushuka, siyo kutembea. Makumbusho na sehemu ya zana aende, taratibu, na fimbo. Kwenye nguzo mwambieni mwongozaji mapema awapeleke sehemu ya ukingoni anapoweza kukaa akaziona kwa juu, nyie mkishuka mmoja abaki naye, msimwache peke yake. Kalenga ni tambarare hana shida. Vaeni raba zenye meno siyo ndala, kofia, na maji kila mtu chupa yake kubwa, msitegemee kununua huko. Na mama akikaa pale ukingoni muwekeeni kigoda au mkeka, mawe ya pale hayakaliwi.