Soma kitabu kizima, usiishie kwenye mstari wa siku

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Vijana ninaosali nao huwa wananiuliza sana, unawezaje kusoma Biblia kila siku bila kuchoka, na wengi wakiuliza hivyo wanategemea niwape ratiba ya kumaliza Biblia nzima ndani ya mwaka. Ratiba sina neno nazo, Biblia hii ya vitabu 66 ina sura 1,189 kwahiyo ukienda na sura tatu mpaka nne kwa siku mwaka hauishi hujamaliza. Ila kilichonisaidia mimi kuliko ratiba yoyote ni kushika kitabu kimoja na kukaa nacho mpaka mwisho, hata kama ni sura moja tu kwa siku, na kila nikisoma najiuliza hapa anaongea nani, na anamwambia nani.

Hilo la nani anaongea naomba nikae nalo kidogo maana limebadilisha kabisa usomaji wangu.

Chukua Ayubu 8:7, ule wa kwamba mwanzo wako ulikuwa mdogo lakini mwisho wako utaongezeka sana. Tunautumia kwenye harusi, kwenye kufungua biashara, kwenye mahafali, kila mahali. Sasa fungua Ayubu uanze sura ya kwanza uende taratibu, utakuta maneno yale aliyasema Bildadi, mmoja wa wale rafiki watatu waliokuja kumfariji Ayubu, na mistari mitatu tu kabla ya hapo huyo huyo Bildadi anamwambia Ayubu kwamba watoto wake wamekufa kwa sababu ya dhambi zao. Anamwambia baba aliyetoka kufiwa na watoto kumi, wana saba na binti watatu! Alafu ukivumilia zile hotuba zote ndefu mpaka sura ya 42 mstari wa 7, Mungu mwenyewe anamwambia Elifazi kwamba amemkasirikia yeye na rafiki zake wawili kwa sababu hawakunena yaliyo sawa habari zake. Bildadi yumo humo. Ni kweli mwisho wa Ayubu Mungu aliubariki kuliko mwanzo wake, iko 42:12, ila sio kwa ile hesabu ya Bildadi ya kwamba ukiwa mwema unapata na ukipatwa na msiba basi kuna dhambi umeificha.

Nilikisoma hichi kitabu kizima kipindi nimefiwa na mama yangu. Watu walinitumia mistari mingi sana kwenye simu na ninawashukuru, walinipenda, lakini kilichonishika mkono ni kuona Ayubu analia, anauliza, anabisha, sura baada ya sura, na Mungu hamfukuzi. Hicho huwezi kukipata kwenye mstari mmoja, kinataka ukae nacho siku nyingi, uchoke naye Ayubu, usubiri naye mpaka Mungu aanze kusema kwenye sura ya 38.

Na Yeremia 29:11 ni hivyo hivyo. Mawazo ya amani wala si ya mabaya, amina kabisa, ila ile ni barua Yeremia aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli, na mstari wa 10 unawaambia itakuwa miaka sabini. Wengi waliosikia ile barua ikisomwa wasingerudi nyumbani tena, na ndio maana juu yake wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wauombee amani mji ule ule waliopelekwa utumwani. Mimi hiyo ahadi naipenda zaidi nilivyoijua hivi, maana inamfaa hata mtu ambaye jibu lake linachelewa mno.

Kumbuka pia hizi namba za mistari Paulo hakuziandika. Sura tulizonazo ziliwekwa karne ya 13, na namba za mistari za Agano Jipya tunazotumia zilitoka mwaka 1551 kwa mchapishaji anaitwa Robert Estienne. Wafilipi walipokea barua ya Paulo, wakakaa wakasomewa yote. Ni sura nne tu, ukiisoma kwa sauti haifiki hata nusu saa, na ukifika 4:13 ile ya nayaweza mambo yote utakuwa umeshajua mwandishi yuko kwenye vifungo na anazungumzia kushiba na kuona njaa.

Sasa kuhusu muda, mimi nasoma asubuhi kabla sijagusa simu, na natumia Biblia ya karatasi kwa sababu hiyo hiyo, meseji na magrupu vikishaingia kichwani ndio basi. Wewe kama muda wako mzuri ni usiku soma usiku. Nina daftari, naandika kitu kimoja nilichokiona na swali moja nisilolielewa, mengine yanakuja kujibiwa kitabu kingine kabisa. Siku ikipita hujasoma, kesho endelea pale pale ulipoishia, usijirundikie sura za kulipa kama deni.

Watu wengi wanakwama Mambo ya Walawi, na naelewa, dhabihu na ukoma na sheria. Usiruke. Humo humo kwenye 19:18 ndiko kuna umpende jirani yako kama nafsi yako, na ile sura ya 16 ya siku ya upatanisho ukiisoma vizuri, yule mbuzi anayechinjwa na yule anayepelekwa jangwani na dhambi za watu, alafu ukaenda moja kwa moja Waebrania 9 na 10, utaelewa msalaba kwa namna ambayo mimi mwenyewe ilinifanya nifunge Biblia nikae nashukuru tu.

Kama ndio unaanza, anza na Marko, ana sura 16 na anaenda haraka haraka, kisha Wafilipi, kisha Mwanzo. Zaburi soma moja moja pembeni kila siku, hata zile ngumu kama ya 88 ambayo inaishia gizani bila faraja yoyote, ipo siku utaihitaji. Ufunuo usiufanye wa kwanza, pita Danieli na Ezekieli na Zekaria kwanza, maana picha nyingi za mle Yohana ameanzia huko. Na ukipata mtu mmoja wa kusoma naye kitabu kile kile, muwe mnapigiana simu mara moja kwa wiki kuulizana mmeona nini, utashangaa jinsi anavyoona vitu ambavyo wewe umevipita.