Kona ya Mabeki: Wanataka kunitoa kwa mkopo, niende?

SWALI: Kocha, shikamoo. Mimi ni beki wa kati, nina miaka 19, nakaa Mbagala Rangi Tatu. Mwanzoni mwa msimu nilisaini miaka mitatu na timu ya Ligi Kuu hapa hapa Dar. Nimecheza mechi moja tu. Niliingia baada ya mwenzangu kuumia, tukafungwa bao la kichwa na straika niliyekuwa namkaba mimi. Tangu siku hiyo nakaa jukwaani, hata benchi sipangwi. Sasa wanataka dirisha dogo, usajili wa katikati ya msimu, waniachie kwa mkopo, yaani nikacheze kwa muda, timu ya Championship mkoani, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu. Mjomba anasema nikitoka Dar ndiyo nimeisha. Halafu kuna mtu wa benchi la ufundi aliniambia kwa sentimita 174 mimi si beki wa kati. Nifanyeje? *Beki, Mbagala*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nenda.

Nimetanguliza jibu kwa sababu nahisi mjomba naye atausoma ukurasa huu. Mjomba, hebu tuwaangalie mabeki wanaoimbwa Kariakoo, kwa Simba na Yanga. Bakari Mwamnyeto alikuwa Coastal Union ya Tanga, Yanga wakamchukua 2020. Dickson Job alikuwa Mtibwa Sugar ya Manungu, Morogoro, hadi Januari 2021. Ibrahim Bacca alitoka KMKM ya Zanzibar. Mohamed Hussein ‘Tshabalala’ alikuwa Kagera Sugar kabla Simba hawajamsajili 2014, na Shomari Kapombe alitokea Polisi Morogoro. Hao wote walifika Simba na Yanga wakiwa tayari wamecheza mechi za ushindani kwingine. Hata Virgil van Dijk alipita Groningen, Celtic na Southampton, akatua Liverpool Januari 2018 akiwa na miaka 26.

Nafasi yetu ina taabu yake. Straika chipukizi anaweza kupewa dakika kumi za mwisho timu ikiwa inaongoza; akikosa bao, watu wanasahau kabla hawajafika kituo cha daladala. Beki wa kati hapewi dakika kumi. Kocha hapendi kuugusa ukuta mechi ikiendelea, kwa hiyo kijana anasubiri mwenzake aumie au ale kadi nyekundu, kisha anaingia miguu ikiwa ya baridi na kukabidhiwa straika aliyekwisha kupata moto. Ndivyo ilivyokuwa kwako. Mimi sikuoni umeshindwa. Nakuona umeingizwa kwenye mtihani bila kuhudhuria darasa, na darasa lenyewe ni kucheza kila wiki, hata kama uwanja una vipara na jukwaani wako watu mia mbili.

Ila usiondoke kwa maneno ya mdomo. Mkopo uandikwe, nawe uweke saini yako. Mjue ni nani anayelipa mshahara: timu inayokuachia, inayokupokea, au wanagawana. Nimeona vijana wakikaa miezi mitatu mikono mitupu kwa sababu kila upande unamtupia mwenzake mpira. Andikeni pia nani anagharimia matibabu ukiumia, na unalala wapi. Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: kwa kanuni za FIFA, mchezaji anaweza kusajiliwa timu tatu ndani ya msimu mmoja, lakini mechi rasmi anachezea mbili tu. Wewe umekwisha kuichezea ya kwanza, hivyo ukienda huko mkoani ukacheza, ya tatu haipo hadi msimu ujao. Kabla ya kukubali, mpigie kocha wao simu wewe mwenyewe. Muulize ana mabeki wa kati wangapi. Akikwambia watano, rudi kwa viongozi wako uombe timu nyingine.

Urefu. Hapa naumia, maana maneno hayo yameua vipaji vingi Temeke, ninakofundisha vijana. Fabio Cannavaro, beki wa kati, alikuwa na sentimita 176. Mwaka 2006 alilinyanyua Kombe la Dunia akiwa nahodha wa Italia, na mwaka huo huo akatwaa Ballon d’Or, tuzo ya mchezaji bora. Nadir Haroub wetu, beki wa zamani wa Yanga, alipewa jina hilo hilo la Cannavaro. Job naye si mrefu, lakini ni beki wa kati wa Yanga na wa Taifa Stars.

Beki mfupi anashinda kabla ya kuruka. Mpira ukiwa bado mguuni mwa winga, kaa ubavu, umwone yeye na umwone straika wako kwa pamoja. Usiukodolee mpira macho ukamsahau mtu. Mguse kidogo kwa mkono ujue yuko wapi, bila kumshika jezi. Halafu wahi kuruka: mrefu aliyechelewa anafikia pale pale unapofikia wewe. Na usipoweza kuupata, msumbue tu, mwili wako uwe karibu asipige kichwa akiwa huru. Omba video ya lile bao, utazame miguu yako ilikuwa imeelekea wapi krosi ilipopigwa. Nadhani utakuta ilikuwa imeelekea golini kwako.

Ndondo, zile mechi za mtaani za kulipwa, uziache kabisa wakati una mkataba. Najua zinalipa palepale. Goti likienda huko, klabu haitakujua.

SWALI: Kocha, mwanangu ana miaka 16, beki wa kushoto. Kuna mtu anajiita wakala, anataka milioni tatu na nusu ampeleke majaribio Ulaya na asajiliwe huko huko. Ameshaomba na pasipoti. *Mama, Tandika*

JIBU: Dada yangu, usitoe hata shilingi, na pasipoti ibaki kabatini kwako. FIFA hairuhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache sana, kama wazazi kuhama kwa shughuli zao zisizohusu mpira. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, na hula kutoka kwenye mkataba aliouleta, si kwenye kibubu cha mama. Kwa mtoto, hawezi kumwakilisha bila saini yako wewe mzazi. Mwombe namba ya leseni na barua ya mwaliko kutoka klabuni, kisha upande gari uzipeleke mwenyewe ofisi za TFF, shirikisho letu la soka, pale Karume, Ilala, wazikague. Akikataa kukupa hizo karatasi, mzuie asimfuate mtoto mazoezini, na umwambie kocha wake sababu.