Kwa Mnaofungua Zipu Ishirini kwa Mpigo

Wadogo zangu, nimevumilia nimeshindwa. Kila anapoingia mtu mpya kwenye kazi hizi za kupokea na kupanga mafaili, naona yale yale. Anapakua zipu ishirini (zipu ni faili moja lililobeba mafaili mengi yaliyobanwa), anaziteua zote, anabofya "Extract Here", halafu anaenda kunywa maji. Akirudi, mafaili elfu tatu yametapakaa kwenye folda ya Downloads, zipu zenyewe zimo humo humo, tiketi yake ya basi imo, picha za juzi zimo. Kisha ananiita. Basi leo naandika, mkiniita niwe na pa kuwaelekeza.

1. Kila zipu na folda yake. Kwenye 7-Zip, programu ya bure ya kufungua zipu, kuna chaguo lenye nyota (*), lile la "Extract to", na hiyo nyota inasema kila zipu itengenezewe folda yenye jina lake. Hilo ndilo lenu. Wa terminali (dirisha la kuandika amri, ambako 7-Zip huitwa 7z) andikeni 7z x "*.zip" "-o*" na kazi imekwisha. Na nyie mnaopenda unzip, amri ya Linux ya kufungua zipu, msiandike unzip *.zip kavu kavu. Sheli, yaani programu inayosoma amri zenu, inawahi kuipanua ile nyota iwe majina ya zipu zote, kwa hiyo unzip inafungua zipu ya kwanza peke yake, na zilizobaki inazitafuta ndani ya hiyo ya kwanza. Ndipo linapokuja lile jibu la "filename not matched", nanyi mnaanza kumlaumu aliyewatumia mzigo. Ukifunga nyota ndani ya alama za nukuu zitafunguka zote, ila zitamwagwa sehemu moja, kwa hiyo tumieni kitanzi (amri inayojirudia kwa kila zipu) chenye -d, inayotaja folda ya kutolea, au mrudi kwenye 7z.

2. Jueni tofauti ya x na e. Hapa mniwie radhi, nitakaa kidogo.

Kwenye 7z, x inatoa mafaili pamoja na folda zake kama yalivyopangwa. e inatoa mafaili tu. Folda zote inazitupa na kila kitu kinatua mahali pamoja. Mimi nilikuwa najua e peke yake. Nilijifunza herufi moja nikaridhika.

Nilipokea zipu kumi na mbili za stakabadhi zilizoskaniwa, moja kwa kila mwezi: Januari.zip, Februari.zip, mpaka Desemba. Ndani ya kila moja mlikuwa na folda ya mwezi, na ndani ya folda kurasa zilizopewa majina na skana: 001.jpg, 002.jpg, 003.jpg na kuendelea. Mmeshaanza kuona ninakoelekea. Nikaandika kitanzi kinachopita zipu zote kwa e, na kwa kuwa swali la "faili hili lipo, nilifute?" lilikuwa linanikera, nikaongeza -y. Maana yake: jibu ndiyo kwa kila kitu, usiniulize.

Haikuniuliza. Februari ikaandika 001.jpg yake juu ya ile ya Desemba, Januari juu ya Februari, zikaendelea hivyo hivyo kwa mpangilio wa alfabeti, na kwa alfabeti mwezi wa mwisho ni Septemba. Kwa hiyo nilibaki na Septemba nzima. Kuanzia pale kurasa za Septemba zilipokoma, kulikuwa na mkia wa Oktoba, uliokuwa mrefu kidogo. Oktoba nayo ilipokoma, ukafuata mkia wa Machi, mwezi ulioshinda yote kwa makaratasi. Namba zimefuatana vizuri, hakuna pengo hata moja. Nikafungua ya kwanza, nikafungua ya katikati, zote zinasomeka. Nikasema safi. Nikafuta zile zipu ili kupata nafasi, tena kwa rm, amri ya kufuta ambayo haina habari za kikapu cha taka.

Siku nyingi baadaye naombwa stakabadhi ya Februari. Natafuta, naona Septemba. Nasogea mbele, Septemba. Nasogea tena, Oktoba, kisha Machi. Jasho jembamba likanitoka. Nikakimbilia programu za kurejesha mafaili yaliyofutwa, zikatoka kapa: diski ilikuwa SSD (ya chipu, si ya sahani inayozunguka), na SSD ikishaambiwa na mfumo kwamba sehemu fulani haina kazi tena, huisafisha yenyewe. Aliyeskani alikuwa ameshafuta nakala zake, kwa sababu nilimwandikia kwa majivuno kwamba mzigo umefika salama. Makaratasi yenyewe, ashukuriwe Mungu, yalikuwa bado kwenye maboksi. Nikayaskani upya mwenyewe, mwezi kwa mwezi, huku mwenzangu mmoja akipita kila mara kuniuliza tumefika mwezi gani. Bado ananiuliza.

Kwa hiyo: x, si e. Na badala ya -y wekeni -aou, ambayo faili likigongana na jingine hulipa lile jipya jina tofauti bila kufuta la zamani. Zipu zenyewe hazifutwi mpaka mmehesabu. 7z l inaonyesha idadi ya mafaili ndani ya kila moja; linganisheni na kilichotoka. Wenye picha za kamera ndio msikilize zaidi, maana kamera nyingi huhesabu mpaka 9999 kisha zinaanza upya, na IMG_0001 mnazo nyingi kuliko mnavyodhani.

3. Zilizogawanywa vipande (part1.rar, part2.rar, au .7z.001, .7z.002; rar na 7z ni aina nyingine za mafaili yaliyobanwa, kama zipu) ziwekwe zote folda moja, mfungue ya kwanza tu. Juzi kijana mmoja amefungua zote nane moja moja, akapata faili lile lile mara nane, akaniambia kompyuta ina virusi.

4. Zipu ikikataa ikasema si faili halali, kabla ya kutafuta dawa angalieni ukubwa wake. Zipu huweka orodha ya yaliyomo mwishoni kabisa, kwa hiyo iliyokatika njiani haina orodha. Pakueni upya. Kabla ya kufungua rundo lolote, 7z t itawaambia ipi ni mbovu.

5. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haipokei faili moja la GB 4, hata kama ina nafasi ya GB 60. Si ubovu wa zipu.

6. Windows ikilalamika kwamba njia ya faili ni ndefu mno, ujue umegonga ukuta wa herufi 260. Fungueni kwenye C:\z badala ya folda iliyo ndani ya folda ndani ya folda iliyoitwa "Mpya mpya ya mwisho kabisa 2".

7. Ukibofya hati ukiwa bado ndani ya dirisha la zipu, unafanyia kazi nakala ya muda. Toa kwanza, ndipo uhariri.

8. Ile WinRAR ya zamani, programu nyingine ya kufungua zipu na rar. Naijua, iko kwenye kila mashine ya nyumbani, majaribio yake ya siku 40 hayajawahi kwisha na nyote mmeshazoea kufunga lile dirisha la kuomba malipo. Tatizo langu si malipo. Haijisasishi yenyewe, na mwaka 2023 iligundulika ina tundu: mtu anabofya picha ndani ya zipu, kumbe pembeni kuna folda yenye jina lile lile, na programu iliyofichwa humo ndiyo inayoanza kukimbia. Lilizibwa kwenye toleo la 6.23. Fungueni menyu ya Help mtazame namba ya toleo lenu. Kama inaanza na 4 au 5, au iko chini ya 6.23, iondoeni leo, mweke toleo jipya kabisa au 7-Zip. Wa Windows 11 iliyosasishwa hata hamhitaji kuweka chochote ili kufungua rar na 7z za kawaida. Tangu 2023 inazisoma yenyewe, japo polepole.