Natoka kwenye gitaa naingia kwenye udi: nibandike alama shingoni?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimepiga gitaa miaka sita, na sasa nina mwezi wa pili najifunza udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, peke yangu hapa Tanga. Maqamu ya Bayati, mojawapo ya mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu, inanishinda. Noti ya pili mara inapanda, mara inashuka, haikai. Rafiki yangu amenishauri nibandike vipande vya utepe shingoni vinionyeshe pa kubonyeza. Nifanye hivyo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usibandike.

Gitaa lina freti, vile vyuma vilivyokatiza shingoni. Ukibonyeza popote katikati ya vyuma viwili, noti ni ileile. Shingo ya udi ni tupu. Chukua udi wenye nyuzi za urefu wa sentimita 61, uliokazwa Do, Fa, La, Re, Sol, Do kuanzia besi. Kwenye uzi wa Re, Mi bemoli (Mi iliyoshushwa nusu hatua) iko kama sentimita 3.4 kutoka kile kijiti cha juu zinapopitia nyuzi, na Mi kamili iko 6.7. Mi ya Bayati, hiyo noti yako ya pili baada ya Re, inakaa kati yao, karibu na 5. Utasema, basi nipime 5 nibandike. Lakini Mi hiyo kwenye Rast, maqamu nyingine, hupanda kidogo, na kwenye Bayati hushuka. Utabandika ipi? Tena ili uone alama itabidi uulaze udi ukutazame, na ukishaulaza, mkono wa risha, kile kipande cha kupigia nyuzi, unapinda na sauti inafifia.

Kwanza linganisha jozi. Udi wa kawaida una nyuzi 11, jozi tano na mmoja wa besi. Nyuzi mbili za jozi zikipishana hata kidogo, kidole chako hakitapata mahali pa haki, nawe utajilaumu bure.

Kisha imba. Wanafunzi wangu nawapigia Re ya uzi wazi, polepole bila kukoma, nao wanapanda kwa mdomo Re, Mi, Fa, Sol na kurudi. Udi hawaugusi mpaka sauti itulie. Waliopita chuoni kusoma Kurani hushangaa kuona Bayati wanayo tayari, kwani ndiyo maqamu ambayo wasomaji wengi wa Kurani huanzia. Kijana mmoja alihangaika na Mi hiyo wiki tatu. Nilipomwomba asome kama alivyozoea chuoni, aliitoa palepale, safi kabisa. Kilichobaki ni kidole kuifuata.

Ukishika udi, anza na Sol, si Mi. Ibonyeze kwenye uzi wa Re, kama sentimita 15 kutoka kile kijiti, huku ukiutazama uzi wazi wa Sol. Ukipata mahali pake, uzi huo utatetemeka wenyewe bila kuguswa. Halafu shuka Fa, halafu Mi, ukiimba kila noti kabla ya kuibonyeza.

Dakika ishirini kila siku zinatosha. Jirekodi kwa simu, usikilize kesho yake asubuhi, sikio likiwa limepumzika.