Bata mzinga na majina yake ya Ulaya: maswali yenu

Waingereza wanamuita bata mzinga "turkey", ina maana katokea Uturuki?

Hapana kabisa. Asili yake ni Mexico, wenyeji wa kule walimfuga karne nyingi kabla Wahispania hawajatia mguu. Sasa Waingereza walishamjua kanga, huyuhuyu kanga wetu wa madoadoa, walikuwa wanauziwa na wafanyabiashara wa himaya ya Uturuki wakamuita kuku wa Uturuki, halafu miaka ya 1500 yule wa Mexico akaingia wakaona wanafanana wakambandika jina lilelile, likamganda mpaka leo.

Na Waturuki wenyewe wanamuitaje?

Hindi, yani wa India. Wafaransa hivyohivyo, dinde ni "d'Inde", wa India, na Wapolandi wanasema indyk. Chanzo ni Columbus, 1492 alifika Amerika akaamini kafika India, na Wahispania wakaendelea kuziita zile nchi India.

Niko Uholanzi, huku ni kalkoen, nayo ni India?

Ndiyo, na hapa ndo patamu! Kalkoen imetoka kwenye "kuku wa Calicut", bandari ya India kusini, ileile aliyofika Vasco da Gama 1498 baada ya kupewa rubani Malindi. Bidhaa za mbali zilikuwa zinasifika kwa jina la Calicut, basi na ndege naye akaingizwa humo. Wadenmark wanasema kalkun, Waswidi kalkon, Wafini kalkkuna.

Wareno je?

Peru, kama ile nchi. Wamekosea pia, ila angalau ni Amerika hukohuko. Wahispania wao walichukua jina la tausi, pavo, ikabidi tausi mwenyewe aongezewe neno, akawa pavo real, tausi wa kifalme.

Kwa hiyo hakuna aliyepatia?

Wamexico. Wao wanasema guajolote, kutoka huexolotl ya Kinahuatl, lugha ya Waazteki. Kwa kweli inaniuma kuona waliomfuga hawajatajwa kwenye majina yote hayo ya Ulaya. Hata Linnaeus, mtaalamu wa Sweden aliyevipa viumbe majina ya kisayansi, 1758 alimuita Meleagris gallopavo, Meleagris ni kanga kwa Kigiriki cha zamani na gallopavo ni jogoo-tausi.

Na sisi kumuita bata?

Kiukoo si bata, yuko familia moja na kuku na kwale. Mwangalie vidole vya miguu, havina ule utando wa kuogelea.