Kebo kufanya kazi kwenye laptopu nyingine si uthibitisho kwamba ni nzima

Ndugu yangu, umeeleza kwamba laptopu yako mpya inashika Wi-Fi bila shida, lakini ukichomeka kebo ya mtandao taa ya tundu inawaka na kuzimika kila baada ya sekunde chache, na anwani ya IP unayoiona (namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao) ni ile inayoanza na 169.254. Draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya mtandao, umeshaiondoa na kuiweka upya mara mbili, na sasa unafikiria kupiga Windows, yaani kuifuta na kuiweka upya yote. Kebo yenyewe umeitoa hatiani kwa sababu kwenye laptopu ya zamani ya kaka yako inaleta intaneti vizuri. Nakuomba usipige Windows bado, kwa kuwa hoja hiyo ya mwisho ndiyo iliyonipotezea mimi siku mbili nzima.

Ndani ya kebo hiyo mna nyaya nane zilizosokotwa mbili mbili, yaani jozi nne. Kadi ya mtandao ya zamani, ya megabiti 100 kwa sekunde, hutumia jozi mbili tu, iliyo kwenye pini ya 1 na 2 na iliyo kwenye pini ya 3 na 6. Hizo nyingine hata zikikatika haina habari nazo. Kadi ya gigabiti (megabiti 1,000 kwa sekunde) inazihitaji zote nne. Sasa, yale mazungumzo ya mwanzo ambayo laptopu na ruta huyatumia kukubaliana kasi hupita kwenye jozi mbili zile zile za kwanza, kwa hiyo pande zote huafikiana gigabiti, kisha zinapotaka kuanza kazi zinakuta jozi moja haipitishi kitu, muunganisho unaanguka, na mazungumzo yanaanza upya. Baadhi ya kadi hushuka zenyewe hadi 100 baada ya kushindwa mara kadhaa. Nyingine huendelea kuhangaika vivyo hivyo. Na ile 169.254 hukupewa na ruta: kompyuta hujipangia yenyewe inapoomba anwani kwa DHCP, utaratibu ambao ruta hutumia kugawa anwani, isijibiwe.

Mimi yalinikuta katika ofisi ndogo ya uhasibu mjini Tanga. Laptopu mpya ilikataa, ya zamani ilikubali kwenye kebo ile ile, nami nikailaumu laptopu, nikabadilisha draiva na hatimaye nikapiga Windows, bila mafanikio. Siku ya pili jioni nilikichukua kichwa cha kebo nikakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ncha saba zilikuwa zimefika mwisho wa plastiki, lakini waya wa kahawia, ule wa pini ya 8, ulikuwa umeishia nyuma kidogo, hivyo jino la shaba lilikuwa limebana hewa. Nilikata kichwa, nikapanga rangi upya, nikabana kingine, na taa ikatulia.

Kabla hujakata chochote, fanya kipimo hiki. Fungua Device Manager, ingia kwenye sifa za kadi yako ya mtandao, kisha kwenye kichupo cha Advanced utafute kipengele kilichoandikwa “Speed & Duplex”. Badala ya “Auto Negotiation” chagua “100 Mbps Full Duplex”. Taa ikitulia na anwani ya kweli ikaja, basi jozi mojawapo kati ya ile ya pini ya 4 na 5 na ile ya 7 na 8 ina hitilafu, na huenda laptopu yako ni nzima. Ukishapata jibu, rudisha “Auto Negotiation”. Usiiache hivyo ukasema imepona, kwa sababu ruta iliyo upande wa pili itashindwa kujua kwamba umechagua “Full” (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja) na itatumia “Half” (kwa zamu), na mtandao utakuwa mzito kwa namna itakayokusumbua miezi.

Kipimo kikishindwa, yaani taa isipotulia, mulika tochi ndani ya tundu la laptopu uone kama pini zimepinda au zimeshika kutu, jambo la kawaida kwetu tunaoishi karibu na bahari. Adapta ya mtandao ya USB ya kuazima itamaliza ubishi: ikikubali kwa kebo hiyo hiyo kwa kasi ya gigabiti, tundu ndilo lenye kasoro.

Tafadhali tuandikie taa ilifanya nini baada ya kuweka 100, na kama unaweza, piga picha ya vichwa vyote viwili kwa karibu ili tuhesabu ncha pamoja.